Kisomo cha Ijumaa

14 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai umeshamaliza kusahihisha madaftari, maana najua hufungui bahasha ya mtu kabla ya hapo. Mimi ni mzima. Bweni la walimu ni kavu, kitanda ni kigumu, na mwalimu wa hesabu ninayelala naye chumba kimoja anakoroma kama mtu anayepasua mbao. Msalimie sana wifi. Mwambie lile gauni alilonishonea linanifanya nionekane mkubwa kuliko cheo changu.

Kazi imeshika kasi. Nilipoletwa hapa kuwa mratibu wa masomo, nilikuta watoto wa makabila na mataifa yote wamekaa darasa moja, kila mmoja ameinama kana kwamba ameiba. Wiki jana tumeanzisha kitu nilichokibuni mwenyewe, tunakiita Meza ya Nyumbani. Kila mtoto analeta kitu cha kwao, anakiweka mezani na kukieleza kwa lugha ya kwao kwanza, kisha kwa lugha yetu sote. Wakubwa wa makao makuu walikuja kutazama, wakapiga makofi. Mmoja ameniomba niwafundishe walimu wa shule nyingine. Najua ungekuwepo ungenuna, ila ungesikiliza hadi mwisho.

Sasa nieleze habari za mwanangu niliyemwacha kwenu. Barua yako iliyopita ilikuja bila ukurasa wake. Nimezoea wewe uandike upande mmoja, na Chiriku ajaze upande wa pili kwa picha na maneno mpaka pembezoni. Nilipoona upande mtupu niliikung'uta bahasha. Mtoto tuliyempa jina la ndege kwa sababu ya kupayuka kwake hawezi kukosa la kusema. Mwambie mama yake anadai.

Mwaka mmoja tu, Kaka. Najiambia hivyo kila asubuhi nikipiga mswaki.

Mdogo wako.


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Ni kweli, nilimaliza madaftari kwanza. Sisi huku wazima. Wifi yako amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha buluu, na juzi nimekunywa chai yenye uzi ndani. Nilipolalamika aliniambia nishukuru haikuwa sindano.

Chiriku hajambo. Anakula, analala, alipata mafua kidogo yakaisha. Masomo yamembana, ndiyo maana hajaandika.

Sasa hiyo Meza yako. Niruhusu nipinge kwa heshima, kisha bila heshima. Mtoto wa mwenye duka kubwa ataleta nini mezani? Ataleta kitu cha kung'aa na hadithi ya safari. Na mtoto wa mchukuzi wa magunia? Ataleta kikombe kilichovunjika mkono. Ukimwambia kila mtoto aje na chake, umeshawapanga kwa walivyonavyo. Mimi siwaulizi wana nini. Nawapa wote shairi lile lile, beti zile zile, na Ijumaa wanasimama kwenye kile kijukwaa mmoja mmoja na kulighani kwa moyo. Akikosea mtoto wa hakimu nagonga meza kwa kifutio, akikosea mtoto wa mchukuzi nagonga vile vile. "Kaa. Ijumaa ijayo." Sichapi, situkani. Hujasahau, maana nawe nilikugongea.

Nyumbani kunafundisha ya nyumbani. Shule ipo kwa ajili ya yale ambayo nyumbani hayapo. Na kama hukubali, jiulize hoja zako hizi nzuri ulijifunzia wapi kuzipanga.

Kaka yako.


15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mvua hapa haina adabu, inaingia hadi chini ya mlango. Mwalimu wa hesabu amehamishia mkoromo wake upande wa dirisha, kwa hiyo sasa una mwangwi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na hasira. Nakumbuka kifutio. Nakumbuka vumbi la chaki likipanda mbele ya uso wako na wewe hupepesi jicho. Nilikuwa nikikosea ubeti wa tatu, ule wa mjenzi, kila mara pale pale, na hadi leo mtu akigonga meza ghafla nakaa. Walimu wenzangu wanacheka. Hawajui kwamba sifanyi mzaha.

Unasema unawapa wote kitu kimoja. Sawa, hicho kimoja ni cha nani? Shairi lile lilitungwa kwa lugha iliyokuwa yetu, wewe na mimi, tangu maziwa ya mama. Mtoto wa hakimu amelisikia sebuleni kabla hajaingia darasani. Mtoto aliyevuka mpaka mwaka jana anaanza kwa kusahau. Unamdai aache mlangoni alichonacho, ndipo umpe ulichonacho wewe, halafu unaita hiyo ni haki. Wewe ndiye uliyetuandikia ubaoni "Mwacha asili ni mtumwa." Nakuuliza, Mwalimu Mkuu: asili ya Chiriku ni ipi? Ni yetu peke yake? Baba yake hakuwa na asili?

Nisamehe. Mambo ya marehemu tulikubaliana tusiyaguse.

Na barua imekuja tena bila ukurasa. Mafua yamepona, umesema. Hata mtoto aliyebanwa na masomo anaweza kuchora paka. Nilijaribu simu ya ofisini kwako, naona bado imekufa. Kaka, kimya kingi kina mshindo mkuu. Nijibu haraka.

Mdogo wako.


30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani, na paa la darasa la nne lilianza kuvuja juu ya kabati la vitabu. Tumevianika uwanjani kama nguo.

Nimetafakari swali lako kuhusu hicho kimoja ni cha nani. Najua tu kwamba daraja lazima liwe la mtu mmoja aliyelijenga, lakini wanaopita ni wengi. Nimeona watoto wa watu wasiojua kusoma wakisimama pale na kughani hadi mwisho, na mzazi nje ya dirisha analia. Hilo haliwezi kuwa wizi. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nimekunja wengi, ukiwemo wewe, na hukuvunjika.

Chiriku amerefuka. Sare ya Januari imemfupia. Mahudhurio yake ni kamili na mwandiko wake ni mzuri kuliko wako. Juu ya mengine tutaongea ukija likizo.

Kaka yako.

*Wifi, ni mimi. Mume wangu kanipa barua niipeleke posta na mimi nimeifungua, Mungu anisamehe. Mtoto hasemi. Tangu ile Ijumaa ya mwisho ya Januari hajafungua mdomo shuleni, na hapa nyumbani akiulizwa kitu na mjomba wake anatikisa kichwa tu. Kwangu anasema kidogo, maji, chumvi, uzi uko wapi. Jioni anakaa nami chumba cha cherehani, na mashine ikipiga kelele namsikia ananong'ona yale maneno ya kujenga nyumba, kwa lugha ya baba yake. Nikisimamisha mashine, naye anasimama. Nimemwambia mume wangu aandike. Kila siku anasema kesho. Hata yeye mwenyewe hali chakula vizuri. Usimkasirikie sana, ila mkasirikie.*


9 Mei

Kaka,

Leo sikusalimu.

Miezi mitatu umeniandikia kuhusu kitambaa cha buluu na paa la darasa la nne. "Hajambo. Anakula, analala." Hata ng'ombe huelezwa zaidi ya hapo. Nilimwacha mtoto ambaye tulikuwa tukimbembeleza anyamaze ili tule.

Umemfanya nini? Sitaki falsafa, wala daraja, wala samaki. Andika kilichotokea, mstari kwa mstari, kama unavyotaka wanafunzi wako waandike.

Nimeomba ruhusa nije. Nimeambiwa nisubiri muhula uishe, ama niache kazi. Nimekaa na hiyo karatasi ya kuacha kazi mkononi. Sijaitia sahihi, na kwa hilo pia najichukia.


20 Mei

Mdogo wangu,

Umefanya haki kutonisalimu.

Kilichotokea ni hiki. Zamu ya Chiriku ilifika. Alipanda kijukwaani, mikono nyuma kama nilivyomfundisha. Beti mbili alizighani bila kosa. Akafika ubeti wa tatu, ule wa mjenzi, akakwama pale pale ulipokuwa ukikwama wewe. Nilikuwa na kifutio mkononi. Kwa kawaida nahesabu moyoni kidogo kabla ya kugonga, ili mtoto apate nafasi. Katika ile nafasi akafumba macho na kuendelea, lakini kwa maneno ya baba yake. Alikuwa akionyesha kwa mikono: msingi chini kabisa, kizingiti kwenye goti, ukuta, dirisha. Wenzake walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka. Alikuwa akighani vizuri, mdogo wangu. Kwa pumzi, kwa mizani, bila kuyumba. Sijawahi kupata mwanafunzi aliyeghani vile.

Nikagonga. Hakuacha. Nikagonga tena, mimi ambaye sijawahi kugonga mara mbili. Nikagonga mara ya tatu hadi kifutio kikaniponyoka, nikasema kwa sauti ambayo siitumii: "Hayo ni ya nyumbani. Hapa tunasema ya shule."

Akafumbua macho, akaniuliza: "Nyumbani wapi, mjomba?"

Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. Nami, mbele ya darasa zima, nikamwambia shuleni mimi si mjomba, ni mwalimu. Hilo ndilo jibu nililompa mtoto wa marehemu. Akashuka, akakaa. Tangu siku hiyo hajasema shuleni.

Umetaka mstari kwa mstari, basi upo mmoja zaidi. Ningependa kukuambia niligonga kwa ajili ya kanuni. Si kweli. Kanuni inagonga mara moja. Nilisikia sauti ya shemeji ikitoka kwenye kifua cha yule mtoto, na mimi shemeji sikumpenda. Nilikupinga ulipomleta. Alipokuja hapa nyumbani na ndoo yake ya uashi akatengeneza ukuta wangu wa nyuma bila kuombwa, nilimshukuru kwa lugha yangu, taratibu, kama mtu anayeongea na kiziwi. Hakuwa kiziwi. Alijua lugha yetu vizuri. Ukuta ule haujapata ufa hadi leo, na mimi hupita pembeni yake kila asubuhi nikienda kuwafundisha watoto heshima.

Nimemwomba radhi Chiriku. Amenisikiliza na kutikisa kichwa, sijui ni kwa ndiyo ama kwa imetosha. Nimemwomba anifundishe yale maneno. Hapo alikataa waziwazi, akaenda kwa wifi yako.

Labda wewe unaweza kuniandikia maneno yenyewe. Nikiyajua, huenda nikapata pa kuanzia.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo.


18 Juni

Kaka,

Shikamoo. Bado nakuita hivyo, sina mwingine.

Barua yako ilinipa hasira siku ya kwanza. Siku ya pili nilitafuta kalamu nikuandikie maneno ya mume wangu, kwa sababu uliyaomba na kwa sababu nilitaka uyaone yakiwa na mwandiko wangu, yakushtaki. Nikaandika neno la msingi. La kizingiti sikuwa na hakika nalo. Baada ya hapo, Kaka, karatasi ilibaki nyeupe.

Siyajui. Nililala kando ya lugha ile miaka yote ya ndoa yetu na sikujifunza. Yeye alijifunza yetu, ikatosha. Nilipenda kumsikia akimwimbia mtoto huku akichanganya udongo, niliona ni jambo zuri, kama watu wanavyopenda redio ikiwa chumba cha pili. Nilikuwa nikijiambia nitamwomba anifundishe tukipata nafasi. Sasa yule pekee aliyebaki na maneno hayo katika ukoo wetu ni mtoto, na nilimfungia mzigo wake mdogo nikamleta kwako, nikaenda kuwafundisha walimu jinsi ya kuheshimu lugha za watoto. Mkuki kwa nguruwe.

Na Meza ya Nyumbani niliyokusimulia kwa majivuno, nilikusimulia nusu. Siku wakubwa walipokuja, kulikuwa na msichana mmoja aliyekimbia kwao na mama yake wakiwa na nguo walizovaa tu. Zamu yake ilipofika aliweka mezani mikono mitupu. Mwalimu mwenye akili angempa ruhusa akae. Mimi nilikuwa natazamwa. Nikamwambia, "Sema chochote cha kwenu, hata wimbo." Akasema hakumbuki. Nikamwambia, "Jaribu, mpenzi," kwa ile sauti tamu. Akaimba kipande, sauti inatetemeka, makofi yakapigwa, na baadaye tulimkuta amejifungia chooni. Wewe ulimgongea mtoto ili anyamaze. Mimi nilimtabasamia mtoto hadi akasema. Sijui ni kipi kibaya zaidi, na nimechoka kupima.

Meza nimeisimamisha kwa sasa. Haimaanishi nimekubaliana nawe. Bado naamini mtoto haachi nusu yake getini. Lakini sikuwahi kumwuliza mtoto kama anataka kuileta ndani, na hilo lilikuwa swali la kwanza kabisa.

Nimezungumza na wakubwa. Muhula ukiisha nakuja, na nikirudi nitarudi na mwanangu, wapende wasipende, hata kama mwalimu wa hesabu itabidi akoromee ukutani. Usimwambie kama ahadi. Ahadi zangu amezisikia.

Tafuta maneno kwake. Mimi sina.

Mdogo wako.


14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Madaftari hayajasahihishwa. Yapo hapa pembeni, nimeanza na wewe.

Ulipoandika kwamba huyajui, nilikaa na barua yako uani mpaka wifi yako akaja kuniuliza kama kuna msiba. Kisha nikafanya jambo la aibu. Chumba cha cherehani kina pazia tu, hakina mlango. Jioni wifi yako alipokaa kushona na mashine ikaanza kelele, nilivuta kigoda nikakaa upande wa pili wa pazia na kusikiliza. Ndiyo, Mwalimu Mkuu anamdukua mtoto wa darasa la tatu. Wifi yako aliniona miguu, akashona taratibu zaidi. Nilishika neno la msingi. Kesho yake kizingiti, kwa sababu yeye hulivuta kidogo mwishoni. Nilikuwa nikiyarudia njiani kwenda shuleni, jirani akadhani nasali. Nilifika hadi dirisha. Zaidi ya hapo alikuwa akishusha sauti na mashine inammeza.

Sijayajua vizuri, ila Ijumaa iliyopita sikuweza kungoja tena. Baada ya watoto kumaliza zamu zao nilisema bado zamu moja. Nikamwita Chiriku mbele. Alikuja akiwa amekaza midomo. Nikampa kifutio. Nikapanda kile kijukwaa mwenyewe, na nakuambia kutoka pale darasa linaonekana refu mno, sikujua. Nikaweka mikono nyuma.

Nilianza na ubeti wa tatu, wa mjenzi, kwa lugha yetu, kwa sababu shairi la shule halitoki, usije ukajidanganya. Kisha nikaendelea kwa maneno ya shemeji. Msingi. Kizingiti, nikalivuta mwishoni. Ukuta. Watoto walikuwa wameziba midomo kwa viganja wasicheke. Dirisha. Na hapo, mdogo wangu, nikakwama, kama nilivyojua nitakwama.

Nilimtazama. Nilitumaini atanitilia neno, sikufichi. Nilikuwa nimeshajitungia moyoni jinsi nitakavyokuandikia kwamba mtoto amenong'ona neno la baba yake na mjomba wake akalipokea. Yeye akanisubiri kidogo, akahesabu, nililiona hilo usoni mwake, anahesabu kama mimi.

Akagonga meza. Mara moja. Vumbi likapanda mbele ya uso wake na hakupepesa jicho.

"Kaa, mjomba," akasema. "Ijumaa ijayo."

Darasa liliangua kicheko ambacho sikukizuia. Nikashuka, nikaenda kukaa kwenye dawati la nyuma, magoti yamegusa ubao wa juu. Yale yalikuwa maneno yake ya kwanza shuleni tangu Januari, na kila moja nimelistahili.

Hajawa chiriku tena, nisikudanganye. Anasema akiulizwa. Ukurasa wake sikumwomba, ukija utakuja wenyewe. Lile swali lake la nyumbani wapi sijalijibu, na nadhani si mimi wa kulijibu. Njoo ujaribu wewe.

Lakini jana jioni nilikuwa tena kwenye kigoda changu. Wifi yako anashona, mtoto ananong'ona, msingi, kizingiti, ukuta. Alipofika kwenye neno la dirisha mashine ikasimama, na yeye hakusimama. Akalisema neno linalofuata kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia. Akalisema tena, taratibu, silabi moja moja, kama mtu anayeongea na kiziwi.

Sijui maana yake. Huenda ni paa. Ijumaa nitalisema hivyo hivyo.

Kaka yako.